Mtoto akienda likizo Ngorongo, uliza habari za bwawa

Basi la kusini likitoka Dar es Salaam hufika Kibiti baada ya takriban kilomita 140. Hapo msafiri wa Ngorongo anaiacha lami iendelee kwenda Kilwa na Lindi, yeye anaelekea magharibi, upande wa juu wa Mto Rufiji. Likizo ya Juni na ya Desemba ndiyo misimu ambayo wazazi wa mjini hupeleka watoto kwa bibi na babu, wakaone shamba na kujua asili yao.

Ngorongo ni kata ya wilaya ya Rufiji, mkoani Pwani, na maisha ya huko yanafuata mto. Mvua zikiwa kubwa, mto hufurika na kusambaa bondeni. Maji yakipungua huacha udongo wenye rutuba, na wakulima huyafuata nyuma kwa kilimo cha mlau. Huacha pia maziwa madogo na mabwawa. Hapo ndipo panapopatikana kitoweo cha samaki, panapofuliwa nguo, na jua likipanda, panapochezwa na watoto.

Neno bwawa ni moja, lakini kila mtu analisikia kivyake. Mtoto wa Dar es Salaam anafikiria la kuogelea, lenye vigae na maji yaliyotiwa dawa. Mtu mzima wa Rufiji anaweza kufikiria Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 na lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba Rufiji na Kibiti, hilo ndilo lililokuwa midomoni mwa watu. Bwawa dogo la kijijini halitangazwi redioni, lakini ndilo atakaloingia mtoto wako.

Mgeni hajui maji

Mtoto aliyekulia bondeni hufundishwa mapema: wapi kina kinashuka ghafla, wapi mamba ameonekana, saa ngapi kiboko hupita. Mto ukifurika, mamba huweza kuingia hata kwenye mabwawa yaliyo mbali na mkondo. Mgeni wa wiki tatu hana elimu hiyo. Anaona wenzake wanaruka, naye anaruka, hata kama hajui kuogelea. Na anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu hana pumzi ya kupigia.

Hatari hiyo wazazi wengi wanaijua. Ile wanayoisahau ni ndogo kiasi kwamba haionekani kwa macho.

Kichocho huanza na mkojo wa mgonjwa unaoingia majini. Mayai ya minyoo yaliyomo huanguliwa, vimelea vikaingia ndani ya konokono wa majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani bwawa hasa. Baadaye vimelea hutoka ndani ya konokono na kutafuta ngozi ya binadamu. Hupenya bila jeraha, na aina inayoshambulia kibofu hutoka kwa wingi zaidi mchana wa jua kali, saa zile zile ambazo watoto wamejaa majini.

Mtoto anarudi mjini akiwa mzima, ana hadithi za samaki na amenenepa kidogo. Dalili huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Ndipo mkojo unapotoka na damu, hasa mwishoni, na kukojoa kunauma. Zipo familia ambazo mtoto wa kiume akikojoa damu huambiwa ni dalili ya kukua. Si kukua, ni ugonjwa. Usipotibiwa huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa msichana, mayai hayo huweza kujeruhi njia ya uzazi na kumletea ugumba baadaye.

Kabla, wakati na baada

Kumkataza mtoto asiguse maji ni rahisi kusema ukiwa Dar es Salaam. Bibi atakuwa shambani, na bwawa liko jirani. Afadhali uzungumze na bibi kabla ya safari. Muulize watoto wanacheza wapi, na nani mkubwa huwa nao. Mwambie wazi kama mjukuu hajui kuogelea. Mkubaliane mtoto asiende majini bila mtu mzima, na asikojoe majini hata akiwa mgeni.

Maji ya kuoga yachotwe kisimani au bombani. Kama ni ya bwawani, yachotwe pasipo na konokono, yakae ndani ya chombo siku mbili ndipo ayaoge, au yachemshwe kisha yapoe. Mwenzake akizama, asimrukie: aite mtu mzima, amnyooshee fimbo ndefu au amrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko, ashike lielee naye.

Akirudi, tia alama kwenye kalenda. Mtoto aliyeingia bwawani apelekwe kituo cha afya kupimwa mkojo hata kama hana dalili, na mweleze mhudumu alikuwa wapi na lini, apange siku inayofaa, maana ukipima mapema mno mayai huwa bado hayajaonekana. Tiba ipo: ni vidonge vya prazikwanteli, vinavyopimwa kwa uzito au kimo cha mtoto na kumezwa baada ya kula. Havimkingi akirudi majini likizo ijayo, kwa hiyo upimaji nao utarudiwa.

Watoto wa Ngorongo wenyewe wanahitaji zaidi, maana wao hawaondoki likizo ikiisha. Choo kinachotumika na kisima kilicho karibu hupunguza kichocho pale kinapoanzia.

Kwa mzazi wa mjini, kazi ni swali moja la kuuliza Septemba, wakati safari ya Juni imeshasahaulika: mwanangu, mkojo wako una rangi gani?