Ukitaka kuijua Bagamoyo, nyonga baiskeli

Kuna watu ukiwatajia baiskeli wanakunja uso kama wamelamba ndimu. Kwao baiskeli ni ya muuza samaki, muuza mkaa na mtoto wa shule. Mtu mzima mwenye kazi yake akionekana ananyonga baiskeli barabarani, mtaa mzima unaanza kuulizana kulikoni. Shemeji yangu mmoja, siku aliponikuta najaza tairi upepo uani, alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Shemeji, kama mambo yamekuwa magumu si useme tujue?"

Mambo si magumu, msomaji wangu. Au tuseme si magumu kuliko ya wengine. Nilitaka tu kwenda Bagamoyo kwa miguu yangu. Mji ule nimeufikia mara nyingi kwa gari: unapanda Mwenge, unasinzia Tegeta, unazinduka umeshafika, unakula samaki, unarudi. Siku hiyo unasema umekwenda Bagamoyo. Lakini mji wenyewe ulijengwa na watu waliofika kwa miguu, na tena wakiwa na mizigo kichwani. Nikasema safari hii na mimi nifike nikiwa nimechoka.

Nilichagua Julai, na hapo nawapa siri. Julai upepo wa kusi unavuma, kwa hiyo ukitoka Dar kwenda kaskazini unasukumwa mgongoni kama mtoto anayepelekwa shule. Jua nalo si kali kama la Januari. Ubaya wake ni kurudi, maana upepo uleule unakukaba kifuani. Lakini kurudi kuna dawa yake: baiskeli inapandishwa juu ya basi, na wewe unakaa ndani kama bwana mkubwa.

Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo ni karibu kilomita 60. Nikaondoka alfajiri kabla daladala hazijachachamaa. Ukipita Kunduchi, upande wa baharini kuna msikiti uliobaki magofu, na makaburi ya kale yenye nguzo zilizopambwa kwa bakuli za Kichina. Wangapi wanaopita pale kila siku wanajua? Mbele yake, kushoto, kinakuja kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji. Kwenye gari hivi vilima huvioni. Nani amewahi kusema Boko kuna mlima? Panda baiskeli ndipo utaujua. Kila mwinuko unajitambulisha kwako kwa jina, na mapaja yanaitikia.

Baada ya Bunju barabara inateremka hadi daraja la mto Mpiji, ambao ndio mpaka wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Mteremko ule ni raha tupu, unaacha kunyonga na upepo unakupiga masikioni. Chini darajani ndipo nilipomkuta kijana mmoja amesimama, baiskeli yake ameiegemeza kiunoni kwa sababu ikilala hataiinua. Nyuma ilikuwa imefungwa madafu 50, kamba za mpira zimezungushwa mpaka fremu haionekani.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba. Unatoka wapi na mzigo wote huo?"

"Kerege. Napeleka Tegeta. Na wewe mzee?"

"Bagamoyo."

"Kuna msiba?"

"Hapana, natembea tu."

Akanitazama mimi, akaitazama baiskeli yangu yenye gia, akacheka mpaka akashika tumbo. "Yaani mzee una nauli na unanyonga? Mimi siku nikipata hela ya kukodi Kirikuu, baiskeli hii naigawa."

Dafu moja lina kilo moja na nusu, mengine mbili. Piga hesabu mwenyewe. Pale mbele yake ulikuwa unamsubiri ule mlima wa kurudi Bunju, mimi nilioushuka nikipiga mluzi. Nikaegesha baiskeli yangu kwa mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo, nikashika nyuma ya madafu, tukaanza kusukuma.

Jamani! Hatua 20 za kwanza nilidhani tairi limekwama. Nikatazama, linazunguka. Hatukusema neno. Katikati ya mlima nyuma yetu likalia honi la lori, lile refu la kutoa roho. Kijana hakugeuka hata shingo. Akaielekeza baiskeli nje ya lami, kwenye mchanga, na mimi nikafuata huku viatu vinazama. Lori likapita na upepo wake, kokoto zikatupiga miguuni. Nyuma yake kulikuwa na gari dogo la watu wanaokwenda zao mjini, nalo likatupita karibu kiasi cha kuugusa mkono wangu.

"Ndiyo hivyo mzee," akasema, tukiitoa baiskeli mchangani. "Wakubwa wakipiga honi sisi tunashuka. Mwenzangu mwaka juzi hakuwahi kushuka."

Nikamuuliza huyo mwenzake yuko wapi sasa. Akasema, "Tulimzika kwao." Kisha akaendelea kusukuma, maana dafu likipigwa na jua linakosa mnunuzi.

Tulipoachana juu nilirudi darajani nikiwa sina hamu ya mluzi. Nikapita Mapinga, nikapita Kerege anakotoka yule kijana, Zinga, Kiromo. Minazi na miembe ile ile, lakini sasa kila baiskeli yenye mzigo nilikuwa naiona. Ya mkaa, ya kuni, ya ndoo za samaki, ya mtu na mkewe na mtoto. Nyingi hazikuwa kwenye lami.

Kabla hujaingia mjini kuna njia ya kwenda Kaole, kilomita kama tano kutoka Bagamoyo. Huko kuna magofu ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukitajwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya kale. Zamani majahazi yalifika pale. Mikoko ikajaa, bandari ikazibwa na matope, biashara ikahamia Bagamoyo. Niliketi kivulini nikanywa maji chupa nzima bila kupumua.

Mjini nilikwenda Caravan Serai, mahali pa misafara. Katika karne ya 19 walikuwa wakiingia huku wapagazi maelfu kwa maelfu, wengi Wanyamwezi, wametembea kutoka Tabora, wengine kutoka Ujiji, mwendo wa kilomita kama 1,200. Mzigo wa pembe za ndovu ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Ndiyo maana wako wanaosema jina la mji ni "bwaga moyo": tua mzigo, roho itulie, umefika. Wengine wanasema ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake pwani kabla hajapakiwa jahazini. Sikwenda kuamua ugomvi huo. Lakini kwa mapaja yangu yalivyokuwa yanatetemeka, maana zote mbili nilizielewa zaidi ya nilivyozielewa shuleni.

Mwisho nikaenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa David Livingstone Februari 1874. Alikufa Mei 1873 huko Chitambo, ambako leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi mingi, kilomita zaidi ya 1,500, wengine wakafia njiani. Pwani mwili ukapokelewa, ukapakiwa melini. Chuma na Susi wakaachwa. Walipokuja kufika Uingereza baadaye, kwa nauli ya rafiki wa marehemu, mazishi ya Aprili 18 kule Westminster Abbey yalikuwa yameshapita. Jiwe la kaburi linasema kwamba mwili uliletwa na mikono ya watu waaminifu. Majina ya wenye mikono hayamo.

Pale misheni nilimkumbuka kijana wa Mpiji. Na mimi jina lake sikuandika hapa, kwa sababu hakunituma. Lakini dafu ulilokunywa wiki iliyopita pale Tegeta, ukafuta mdomo, ukasema "ah, bei imepanda," pengine ni mikono yake.

Basi nina ombi moja kwa ninyi wenye magari, mnaokwenda Bagamoyo Jumapili kuogelea. Ukikuta baiskeli mbele yako mlimani, usipige honi. Punguza mwendo, subiri upande wa pili uwe wazi, kisha mpite kwa mbali, mita moja na nusu si nyingi. Utachelewa sekunde 20, na samaki utawakuta hawajaisha. Yule wa baiskeli hawezi kurukia mchangani na kilo 80 kila mara akapona.

Na kama una baiskeli uani inayoota kutu, ipeleke kwa fundi. Beba tyubu ya akiba, pampu na maji ya kutosha, toka alfajiri. Shemeji atakucheka. Wangu alicheka pia, mpaka nilipomwambia tutakwenda wote Agosti. Sasa anauliza bei ya kofia ngumu.