Kamelia: ua la Alabama lililonirudisha Mufindi

Msomaji wangu, wiki hii mapazia na makochi tuyaache, tutoke nje uani. Tena leo uani kwenyewe ni mbali: Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Desemba iliyopita nilikuwa huko kwa binti yangu wa kwanza. Ni nesi, na huu ni mwaka wake wa tisa ughaibuni. Kajibana, kanunua kijumba chake, ukumbi kimbele na uwanja mtupu kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

Siku ya pili tu akanianza. "Mama, wewe una mkono wa maua. Nichagulie kamelia moja ya kupanda pale mbele."

"Kamelia ndiyo nini?" nikamwuliza.

Akacheka, akachukua funguo za gari.

Basi bwana, akanipeleka bustani ya Bellingrath, kusini kidogo ya mji. Walter Bellingrath alitajirika kwa kuuza Coca-Cola, na mwaka 1917 akanunua mahali hapo kando ya mto Fowl pawe kambi yake ya kuvulia samaki. Mkewe, Bessie, ndiye aliyeanza kupajaza maua. Mwaka 1932 wakawafungulia watu mlango waje kutazama, na hadi leo wanakuja. Na mimi nilikwenda kutazama, nikachoka mwenyewe! Kwetu tumezoea kusikia kwamba Desemba Ulaya na Marekani miti yote imekaa uchi. Hapa vichaka vina majani ya kijani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na katikati yake maua mekundu, meupe, ya waridi, mengine makubwa kama kisahani cha kikombe.

Watu wa Alabama wanalipenda ua hili kupita kiasi. Mwaka 1959 walilifanya ua rasmi la jimbo, wakaliacha ua la manjano walilokuwa nalo, maana kuna waliosema lile ni gugu tu. Mwaka 1999 sheria ikataja na aina yenyewe: Camellia japonica.

Mimi mkono wangu hautulii. Nikashika jani, nikaligeuza. Pembeni lina meno madogo madogo kama msumeno. Nikasema, "Hili jani nalijua."

"Mama, hujawahi kuliona."

"Nalijua. Hii ni chai."

Msomaji, mimi ni mtoto wa Mufindi. Mama yangu alichuma chai, kikapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi, asubuhi ya baridi ambayo vidole havikunjiki. Nimekulia kwenye kambi za wachumaji. Huwezi kunidanganya kwa jani la chai.

Na sikukosea. Chai na kamelia ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliiweka kamelia peke yake na chai peke yake. Jina la kamelia alilitoa kwa mtawa Georg Joseph Kamel, aliyechunguza mimea ya Ufilipino. Waliokuja baadaye wakaona hawa hawatenganishiki, wakawaweka ukoo mmoja. Ndiyo maana leo chai yako ya asubuhi jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis. Tofauti ni kwamba chai tunaikata kila mara ili itoe majani, haipati nafasi ya kupamba. Ukikuta mche wa chai uliosahaulika, usiokatwa miaka, utaona unatoa kiua kidogo cheupe, katikati nyuzi za manjano. Mimi utotoni nilikuwa nakifuata pale mpakani mwa shamba.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kesho yake tulikwenda kitaluni, na ndipo nilipojifunza kwamba kamelia zina aina maelfu. Ukiingia bila mpango utatoka na kichwa kinauma. Nilizopendezwa nazo ni hizi.

'Alba Plena' ni nyeupe tupu, petali zimepangwa duara juu ya duara kama mtu alitumia rula. Ilitoka China ikafika Uingereza mwaka 1792. Ni bibi harusi hasa, ila mvua na baridi kali huiachia madoa ya kahawia. 'Pink Perfection' ni ndogo, ya waridi laini, asili yake Japani, na vibibi vya kusini wanaiabudu. 'Professor Sargent' ni nyekundu iliyoiva, imejaa, na ni ngumu, haidekezwi. 'Debutante' ni ya waridi hafifu, imefumuka kama gauni la sendoff. Na 'Kramer's Supreme' ni nyekundu yenye harufu kidogo, maana kamelia nyingi, pamoja na uzuri wote huo, hazinukii.

Binti yangu akang'ang'ania 'Alba Plena'. Mimi nikamwuliza, "Uwanja wako una kivuli?" Hana hata mti mmoja. Jua linapiga ukumbi ule tangu asubuhi hadi jioni. Jamii ya japonica inataka kivuli kidogo, hasa jua la mchana. Ukiipanda juani majani yanaungua.

Mzee mwenye kitalu akatutoa upande wa pili, kwenye jamii nyingine inayoitwa sasanqua. Hizi majani yake ni madogo, zinachanua mapema, tangu Oktoba hadi Desemba, na jua zinalistahimili. Akatuonyesha 'Yuletide', nyekundu yenye nyuzi za manjano katikati, inayochanua karibu na Krismasi. Halafu akatuonyesha 'Setsugekka', jina la Kijapani, maana yake theluji, mwezi na ua. Nyeupe, petali zimekunjamana kidogo kama leso, katikati manjano.

Nikasimama. Kilikuwa kile kiua changu cha mpakani mwa shamba, kimekua tu na kuvaa vizuri.

"Hiki," nikasema.

Mzee akauliza, "Mnapanda ardhini au kwenye chungu?"

"Chungu," nikajibu.

"Ardhini," binti yangu akajibu.

Tulisema pamoja. Mzee akatutazama, akakumbuka ana mteja mwingine.

Ndani ya gari akaniuliza, "Mama, chungu cha nini?"

"Chungu kinahamishika, mwanangu. Siku ukirudi nyumbani unamwachia jirani, hukuharibu kitu."

Akakaa kimya mpaka taa mbili zikapita. Kisha akasema, macho yako barabarani, "Mama, sirudi. Kutembea nitakuja, kila nikipata likizo. Kuhamia, sirudi. Nilishindwa kukuambia kwenye simu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuitiwa ua.

Usiku ule sikulala. Nilimfikiria mama yangu. Alitoka Makete akiwa msichana, akaja Mufindi kuchuma chai msimu mmoja tu, apate nguo na sufuria. Msimu ule haukuisha. Kaburi lake liko Mufindi, na bibi yangu Makete alimngoja hadi akazeeka. Sikumbuki mama aliwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nami kwa nini nimdai mwanangu?

Asubuhi nilimkuta jikoni, macho yamevimba. Nikamwambia, "Jembe liko wapi?"

Tulichimba wote wawili. Kama nawe utapanda, zingatia: shimo liwe pana mara mbili ya chungu ulichonunulia, lakini lisiwe refu kuliko chungu chenyewe. Juu ya mizizi pabaki pameinuka kidogo kuliko ardhi, maana kamelia ikizamishwa inakufa polepole. Udongo uwe na tindikali na usituamishe maji. Tandaza majani ya msonobari kuzunguka shina, usiyasogeze hadi yakaligusa. Mwaka wa kwanza mwagilia bila kusahau. Na maua yaliyoanguka yaokotwe, ugonjwa wa maua unajificha humo.

Na wewe uliyeko Dar usinipigie kelele kutaka kamelia. Joto letu hilo, utakuwa unamtesa mtoto wa watu. Wewe panda bougainvillea yako ipendeze. Ila kama unaishi Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto, acha mche mmoja wa chai nyuma ya nyumba bila kuukata, uone utakavyokushukuru. Kanuni ni moja: kabla ya rangi, tazama jua, udongo na kivuli cha mahali unapoishi kweli, siyo mahali unapotamani ungekuwa.

Mwezi wa tatu simu ikalia usiku, huku kwetu watu wamelala.

"Mama, imechipua! Majani mawili na kichipukizi."

"Usiyachume," nikamwambia.