Mupira unachaguliwa kwa muzigo na kwa njia, hapana kwa macho

KOLWEZI. Mwezi wa kumi ukifika, mawingu yanaanza kukusanyika juu ya muji, na wenye pikapu wanaanza kutazama chini: mipira ya gari iko namna gani? Wakati wa jua, mupira wenye kumaliza meno ungali unasukuma siku. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa Lualaba unageuka kuwa kama sabuni, na mupira wa namna ile unamuacha shofere katikati ya njia, pamoja na watu wote wenye amebeba.

Jambo hili linagusa watu wengi kuliko wenye gari. Kolwezi inajua maneno ya kuhama. Katika mutaa wa Kasulo, watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka wa 2014, na mwaka wa 2017 familia za sehemu moja ya mutaa huo ziliondolewa ili fasi yao iwe chimbo lenye kuzungushwa ukuta. Mitaa mingine pia ilipoteza nyumba wakati machimbo yalipanuka. Kuna tena wenye walikimbia fujo za majimbo mengine wakaja kutafuta maisha hapa. Wengi wanakaa pembeni ya muji, mbali na soko, mbali na hospitali, na shamba lenye walipata liko mbali zaidi. Kwao, pikapu ndiyo basi, ndiyo kamio, na usiku mutoto akishikwa na homa, ndiyo ambulansi.

Shofere mumoja wa komini ya Manika anafanya kazi hiyo ya kubeba. Ana Toyota Hilux ya zamani, ya dizeli, yenye kuvuta na magurudumu yote mane. Mara mbili kwa juma anashika njia ya Mutshatsha, kisha anaingia katika njia za mashamba. Akienda, anabeba mbegu ya mahindi, mbolea, majembe na wamama wenyewe. Akirudi, anabeba muhogo na makala. Mwaka huu mipira yake miwili ya nyuma ilikwisha kabisa. Ya mbele ilikuwa ingali na meno ya kutosha. Na feza ya kununua mingine haikuwa yake. Wamama kumi na wawili wa likelemba, wote kutoka mutaa mumoja wenye kuliwa na chimbo, walimukopesha feza ya zamu moja, ili awalipe kwa safari. Kwa hiyo kila franga yenye angetoa mufukoni ilikuwa mbegu ya mutu fulani.

Ku duka walimuwekea mipira ya namna tatu.

Ya kwanza ilikuwa mipira ya okazio, ya matope, yenye meno makubwa kama ya tingatinga. Ilikuwa yenye kupendeza kuliko yote, na bei yake ilikuwa chini. Ya pili ilikuwa mipya, ya njia zote, yenye kuandikwa A/T ubavuni, na bei yake ilikuwa ya katikati. Ya tatu ilikuwa pia mipya, pia A/T, lakini bei ilipanda sana. Kwa feza ya likelemba angeweza kununua mine ya okazio, ao mitatu ya katikati, ao miwili tu ya bei ya juu.

Mutu mwenye haraka angechukua mine ya okazio na kurudi nyumbani akiimba. Yeye alichuchumaa na kuanza kusoma.

Ubavu wa mupira ni kama kitambulisho. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu ine za mwisho, na hizo ndizo tarehe ya kuzaliwa kwake: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mupira wenye kuandikwa 2319 ulitoka katika kiwanda juma la 23 la mwaka wa 2019. Mipira ya okazio ilikuwa na 3611, maana yake juma la 36 la mwaka wa 2011. Meno yalikuwa marefu, lakini kati ya meno na ubavuni kulikuwa nyufa ndogo ndogo, kama udongo wenye kukauka. Kauchu inazeeka hata kama gari halitembei: jua na hewa vinaikausha, inakuwa ngumu, na siku moja, ikiwa na muzigo na joto, inapasuka ao ngozi ya juu inabanduka. Viwanda vingi vinashauri mupira utazamwe na fundi kila mwaka kisha miaka mitano ya kazi, na ukifika miaka kumi utolewe hata kama meno yangali mazuri. Kwa hiyo, bei ya chini ile ilikuwa bei ya kitu chenye kuisha.

Kulikuwa sababu nyingine ya kuacha mipira ya matope. Meno yake yako mbali mbali ili matope yapate kutoka. Katika matope ya kweli, hakuna wenye kuishinda. Lakini gari la shofere huyu haliishi katika matope. Linatoka Manika kwa njia ya gudroni, linapita kati ya kamio za machimbo, linafika ku udongo wenye mawe, na mara moja moja linaitwa upande wa Kasaji na Dilolo, fasi mchanga uko mwingi. Ku gudroni yenye maji, mupira wa matope unagusa njia kwa kauchu kidogo tu, kwa hiyo unakawia kusimama. Unapiga kelele, unakunywa mazuti, na meno yake yanakwisha mbio.

Mupira wa A/T ulifanywa kwa ajili ya maisha ya katikati kama hayo. Kampuni ya Marekani BFGoodrich ilitoa wa kwake wa radiali mwaka wa 1976, na leo karibu kila kiwanda kikubwa kina wa namna hiyo. Meno yake yako karibu karibu kuliko ya matope, lakini yana nafasi kuliko ya mupira wa gudroni. Hausifiwi fasi yoyote kuwa wa kwanza kabisa; unasifiwa kwa kuwa hauna fasi yenye unaanguka vibaya. Ku ubavu wa mipira mingi ya namna hiyo kuna herufi M+S, maana yake matope na teluji, na mingine ina picha ya mulima wenye nyota ya teluji. Picha ile inaonyesha kwamba mupira ulipimwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya na ya Marekani. Katika Kolwezi, hakuna sababu ya kuilipia feza.

Ikabaki mipira mipya ya namna mbili, yote A/T, yote ya janti ya 16, yote karibu kimo kimoja. Mwenye duka alisema ni kitu kimoja, tofauti ni jina tu. Hapo ndipo shofere alisoma mara ya pili. Wa bei ya katikati uliandikwa 205/80R16 104. Wa bei ya juu uliandikwa 205R16C 110/108.

Tarakimu hizo za mwisho ndizo wenye kununua wengi wanaruka, na ndizo zenye kuamua. Ni namba ya muzigo. 104 inamaanisha kwamba mupira mumoja unaweza kubeba kilo 900. 110 inamaanisha kilo 1060. Hiyo 108 ni ya gari lenye mipira miwili miwili kila upande, kwa hiyo haihusu Hilux. Na herufi C inaonyesha mupira wa gari la kazi, wenye mwili wenye kukazwa zaidi na wenye kukubali upepo mwingi. Ku ekseli ya nyuma, mipira miwili ya 104 inabeba kilo 1800. Miwili ya 110 inabeba kilo 2120. Tofauti ni kilo 320. Kwa mifuko ya kilo 50, ni zaidi ya mifuko sita. Na katika pikapu, karibu muzigo wote unalala nyuma.

Jioni, aliwaendea wamama ili awaeleze mbele ya kulipa, kwa sababu feza ilikuwa yao. Mama mukubwa wa likelemba alimusikiliza, kisha akauliza:

— Papa, ule mupira wa bei ya katikati unabeba mifuko ngapi?

— Mama, mupira hauhesabu mifuko. Unahesabu kilo, na ninyi pia muko ndani ya hesabu.

— Na kama tunaweka tu kama kawaida?

— Utatembea, mama. Leo utatembea, na juma lenye kuja utatembea. Halafu siku moja, ku jiwe, na joto, na ninyi kumi juu ya mifuko, utapasuka.

Mama alinyamaza. Kisha akasema neno lenye wengine wote waliogopa kusema:

— Lakini miwili tu, papa! Tulitoa feza tukifikiri ni mine.

Hilo ndilo lilikuwa jambo nguvu. Kununua miwili ya C kulimaanisha kwamba ya mbele ingebaki ya zamani, na kwamba safari zisingekuwa kama mbele. Shofere aliweka masharti wazi. Muzigo utapunguzwa: watu sita nyuma, hapana kumi, na mifuko itapimwa. Wamama watajigawa vikundi viwili. Kikundi cha pili kitangoja siku tatu. Katika wakati wa kupanda, siku tatu si kitu kidogo: mvua ya kwanza haingoji mutu, na mwenye kupanda nyuma ya wengine anaweza kuvuna kidogo. Walibishana mupaka giza. Mwishowe wajane wawili wenye shamba la mbali zaidi waliwekwa katika kikundi cha kwanza, na mama mukubwa mwenyewe akajiandika katika cha pili.

Kesho yake mipira miwili ya C ilifungwa nyuma. Watu wengine wanafunga mipira mipya mbele, wakiwaza kwamba mbele ndiko kunaongoza gari. Mafundi wanashauri kinyume: mipira yenye meno mengi ikae nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza, gari linageuka na shofere hawezi tena kulirudisha. Na kwa kuwa mipya iko na kimo kikubwa kidogo kuliko ya zamani, shofere alionywa asitie magurudumu mane ku gudroni, hata kwa mwendo mufupi, kwa sababu tofauti ya kimo inaumiza gia za katikati. Katika matope na mchanga, mupira unateleza kidogo na uchungu unapungua.

Fundi wa mipira pembeni ya njia, yule wenye wanamuita kwado, alimukumbusha pia mambo yenye hayaombe feza nyingi. Upepo upimwe asubuhi, mipira ikiwa baridi, kufuatana na karatasi yenye iko ku mulango wa gari: kiasi kimoja ni cha gari tupu, kingine ni cha gari lenye muzigo. Mupira wenye upepo kidogo na muzigo mwingi unajikunja, unapata joto, na joto ndilo linaua mipira mingi kuliko misumari. Ku mchanga, mutu anaweza kupunguza upepo ili mupira upanuke, lakini aurudishe mbele ya kukimbia tena. Buloni zikazwe tena kisha kilometa 50 ao 100 za kwanza. Mupira wa akiba uwe wa kimo kile kile, na ujazwe upepo. Watu wengi wanagundua katika pori kwamba wa kwao ulikufa zamani.

Kwa mwenye kununua mipira mbele ya mvua kuwa kali, maulizo ni mane, na yote yanajibiwa ku ubavu wa mupira ao ndani ya gari. Mupira ulizaliwa lini? Namba yake ya muzigo inalingana na yenye kiwanda cha gari kiliomba, ao iko chini? Katika juma moja, gari linatembea wapi zaidi: ku gudroni, ku mawe, ku matope? Na nani anaketi nyuma? Ulizo la mwisho halijibiwi na mwenye duka. Wenye kuketi juu ya mifuko hawakuwa ku duka, hawakusoma namba, na mupira ukipasuka ndio wanaanguka wa kwanza. Hao pia, mbele ya kupanda, wako na haki ya kuinama na kusoma.

Kikundi cha kwanza kilienda na kurudi. Cha pili kilienda siku tatu kisha, na mbegu ziliingia katika udongo mbele ya mvua kubwa. Zamu ya likelemba ya mwezi wa kumi na moja imekwisha kuandikwa katika daftari: mipira miwili ya mbele, 205R16C, 110/108.