Mjusi wa jangwani sebuleni
Asubuhi katikati ya Australia, karibu na Alice Springs, mjusi-ndevu hupanda nguzo ya uzio kuota jua. Huko ndiko kwao. Mzazi unayetaka kumfuga ndani, jua hilo ni juu yako: taa ya kumpa joto la nyuzi 40 upande mmoja wa kizimba, upande wa pili pa kupoa, na taa ya miale ya urujuanimno, la sivyo mifupa yake hulainika. Madume wawili usiwachanganye, watang'atana. Jike hutaga hata mayai 20 kwa mkupuo. Vitoto vyote hivyo utampa nani? Ni mpole, hilo kweli, lakini hubeba salmonela akiwa mzima kabisa. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, ningesubiri.