Lambo la Mwaka Jana Si la Mwaka Huu

Ukitaka kuiona nchi ya Unyamwezi katika uzuri wake, njoo mwanzoni mwa Novemba. Miyombo iliyosimama mitupu wakati wa kiangazi sasa imevaa majani mapya, mengine mekundu kama shaba, mengine ya kijani kibichi, wala haikungoja mvua. Maembe yaanza kuiva. Mizinga ya nyuki yaning'inia mitini, na wakulima wamo mashambani wakipiga matuta, huku kila mtu akitupa jicho juu kutazama mawingu.

Wakati huo ndipo nilipofunga safari kutoka Tabora kwenda Isikizya, kumwamkia dada yangu anayekaa katika kijiji chetu cha zamani, mbali kidogo na hapo. Isikizya ndipo makao makuu ya wilaya ya Uyui, wilaya inayouzunguka mji wa Tabora pande zote. Zamani mtu alikwenda huko kwa miguu au kwa baiskeli. Siku hizi wapanda gari katika barabara ya lami iendayo Nzega, na kabla hujamaliza kuzungumza na jirani yako umekwisha kufika.

Nchi hii ni ya wasafiri tangu kale. Tarehe 7 Novemba 1857, majira kama haya, Wazungu wawili, Burton na Speke, waliingia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, baada ya kusafiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Speke alishika njia ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona lile ziwa kubwa, akaliita Victoria. Alitembea majuma matatu na zaidi. Leo maji ya ziwa hilohilo yaja yenyewe, yamevutwa kwa mabomba mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Babu zetu waliobeba pembe mpaka Bagamoyo wangesikia habari hii wangecheka, wakidhani ni hadithi ya sungura.

Babu zetu hao walikuwa mabingwa wa nchi kavu. Walijua kila kisima cha njiani, lakini walipofika Mto Malagarasi iliwabidi kuwalipa wenyeji wenye mitumbwi ili wavushwe. Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulipouvuka mto huo, punda wake mmoja aliyekuwa akivutwa kwa kamba majini alinyakuliwa na mamba mbele ya macho ya watu wote. Basi si ajabu kwamba Mnyamwezi humwambia mtoto wake neno moja tu juu ya maji mengi: "Usiyakaribie!"

Neno hilo ndilo nililoambiwa na mimi, nami nitawasimulia lilivyonifaa.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nilichunga ng'ombe pamoja na rafiki yangu, tuliyelingana umri na kimo. Penye malisho yetu palikuwa na lambo, nasi tulilijua vizuri, maana msimu uliopita tulikuwa tukiingia humo kwa siri, na maji yalitufika kifuani. Kiangazi kilipita. Watu wakachimba udongo humo kwa kufyatua matofali, tukawaona wakichimba, wala hatukufikiri lolote. Mvua zikanyesha, lambo likajaa, maji yakawa mekundu kama chai ya maziwa. Siku moja ya joto tukavua nguo, tukashikana mikono, tukakimbia ndani kama mwaka uliopita. Hatua ya tano haikukuta chini.

Sikumbuki kwamba rafiki yangu alipiga kelele. Watu hudhani mtu anayezama huita. La, hana pumzi ya kuita. Kijana mmoja mkubwa alikuwa akipita na fimbo yake ndefu, akainyosha, nikaidaka. Tuliingia wawili, nikatoka peke yangu.

Jina la rafiki yangu silitaji, maana mama yake yu hai mpaka leo. Baada ya mazishi, watoto wote wa kijiji tulichapwa viboko na kukatazwa lambo. Tulikoma kwa msimu mmoja. Msimu wa pili watoto walikuwa majini tena, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejifunza kitu ila kujificha zaidi. Mama yule peke yake hakumchapa mtu wala kumlaumu mtu. Aliniuliza swali moja, nami nimelichukua moyoni miaka hii yote: "Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha?"

Sasa nirudi kwenye safari yangu. Nilifika kwa dada jioni, tukaamkiana "Mwangaluka" ingawa jua lilikuwa limeshuka, tukacheka. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alinipokea mzigo.

"Mjomba, umekuja siku njema. Kesho kuogelea kunaanza."

Nilishtuka, nikamtazama dada. Naye akasema kwa utulivu, "Usiogope, kaka. Kesho utaona mwenyewe."

Alfajiri tukaenda lamboni. Nilikuta watoto zaidi ya ishirini, wazazi kadhaa, katekista wetu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijana mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa ambako mtoto huyajua maji kama sisi tunavyojua njia za porini. Lakini lambo lenyewe lilikuwa karibu kukauka! Katikati palibaki kidimbwi cha tope tu.

Mtoto mmoja mgeni akauliza, "Mwalimu, leo tutaogelea wapi? Hakuna maji."

Mwalimu akajibu, "Leo tunaogelea kwa miguu."

Wakashuka wote ndani ya lambo, wakatembea chini yake toka ukingo hata ukingo. Kila shimo lililochimbwa kwa ajili ya matofali walilisimamia na kulipima kwa mti. Mashimo ya karibu na ukingo baba zao waliyafukia kwa majembe. Yaliyokuwa makubwa mno waliyaacha, wakachomeka mbele yake nguzo ndefu zilizofungwa vitambaa, ili maji yakijaa mpaka ubaki unaonekana. Mwalimu akawaambia, "Lambo la mwaka jana si la mwaka huu. Ndiyo maana kila msimu tunaanza hapa." Nami nilisimama pale nikitazama shimo moja, nisiweze kusema neno. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hawa walikuwa wakiyafika kabla hayajaja.

Niliuliza jambo hili lilianzaje, nikaambiwa ni msimu wa tatu. Dominika moja, baada ya ibada, wazazi walibaki kigangoni wakakubaliana kwamba makatazo matupu yameshindwa. Hakuna ada. Kila nyumba inayoleta mtoto hutoa mtu mzima mmoja wa zamu, na dumu moja tupu lenye kifuniko.

Mwezi wa Januari nilirudi kuona mwisho wa jambo. Lambo lilikuwa limejaa. Masomo hufanywa mapema asubuhi, Jumamosi tu, nalo lina sababu yake. Sote twakijua kichocho, ugonjwa wa kukojoa damu. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa maji yaliyotuama, navyo hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali. Kwa hiyo mwalimu huchagua asubuhi, mahali pasipo matete, na kwa muda mfupi. Mtoto hakojoi majini kamwe. Hata hivyo mwalimu hakutuficha kwamba hakuna lambo lililo salama kabisa kwa ugonjwa huu. Kila mtoto humeza dawa za kichocho zinapogawiwa, na anayeona damu katika mkojo hupelekwa zahanati bila kuchelewa.

Wavulana walikuwa na saa yao na wasichana saa yao, pamoja na mama zao. Kila mtoto alikuwa na mwenzake wa kumwangalia, na hakuna aliyevuka nguzo. Somo la kwanza lilikuwa kutia uso majini na kutoa pumzi mapovu yapande. La pili, kulala chali juu ya maji, masikio ndani, kidevu juu, dumu likiwa limekumbatiwa kifuani, kisha bila dumu. La tatu, kupiga miguu mpaka ukingoni. Mashindano hayakuwapo. Mwalimu alisema, "Mtoto anayejua kulala chali akapumua ana nafasi ya kuokolewa."

Kisha wote, hata baba zao, wakafundishwa kuokoa. Mfa maji haishi kutapatapa, wala hamjui rafiki. Akikudaka atakuzamisha pamoja naye. Kwa hiyo usijitupe ndani. Piga kelele, lala kifudifudi ukingoni, mnyoshee mti au nguo, au mtupie dumu lililofungwa kamba. Ukimtoa naye hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo, kama wengi wafanyavyo. Mlaze chali, mwinue kidevu, mzibe pua, mpulizie kinywani pumzi tano. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha pumzi 2, nawe uendelee hivyo bila kuchoka huku wengine wakitafuta msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku ileile.

Labda baba mmoja asomaye habari hii atasema, "Hayo ni mambo ya watu wa pwani. Sisi hatuna bahari wala ziwa." Ndugu yangu, sikiliza. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto wa umri huo hahitaji ziwa. Kisima kisicho na kifuniko kinamtosha, au dimbwi nyuma ya nyumba, au pipa la maji. Kwa sababu hiyo mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai iwe siku ya kuwakumbusha watu wote habari za kuzuia vifo vya maji. Shirika hilo la afya lashauri mambo mepesi: visima na mashimo yazungushiwe ua, watoto wadogo wawe na mtu wa kuwalinda, na wale wa umri wa shule wafundishwe kuogelea.

Wala hata pwani watoto hawazaliwi wakijua. Huko Unguja, mwaka 2016, wasichana wa shule ya msingi ya Kijini walipigwa picha wakijifunza baharini kuelea, kuogelea na kuokoana, wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Na chombo chao cha kuelea? Dumu tupu, kama letu. Picha zile zilikwenda ulimwenguni kote na kupewa tuzo. Kama mabinti wa kisiwani, waliozungukwa na bahari, wamelazimika kufundishwa, je, sisi wa Uyui tutategemea nini?

Sasa jambo la mwisho nililoliona. Ukingoni pale, juu ya kigoda, chini ya mwembe, alikaa bibi mmoja mzee sana mwenye kokoto mapajani. Kila mtoto aliyeingia majini alitupa kokoto moja ndani ya kikapu. Kila aliyetoka alimwita kwake amguse mkono, kisha akaitoa kokoto moja. Nilimsogelea, nikamwamkia. Akanitambua kwa sauti, maana macho yake yamepungua nuru.

"Ni wewe?" akasema.

"Ni mimi, mama."

Hakusema zaidi, kwani mpwa wangu alikuwa akitoka majini akitetemeka kwa baridi, naye alinyosha mkono kumgusa. Kisha akainamisha kikapu ili nione. Kilikuwa kitupu.

"Ishirini na watatu wameingia," akasema, "na ishirini na watatu wametoka. Sasa naweza kwenda nyumbani."

Wazazi wenzangu, kesho mkipita karibu na lambo lenu, au kisima, au shimo la matofali, simameni kidogo mlitazame. Kama ni kavu, shukeni mlipime na watoto wenu. Kama limejaa, ulizeni kijijini kwenu ni nani aliyekulia ziwani. Hakika hakosi mmoja, mwalimu au mganga wa zahanati au bwana shamba, naye pengine hajawahi kuombwa. Viboko tulivijaribu tangu zamani, na mimi ni shahidi wa faida yake. Tujaribu kufundisha.