Ukoka Ulikauka kwa Amri Yangu

Nilimdhulumu fundi wa bustani, na leo naungama. Nilimwita mbabaishaji mbele ya majirani, nikamnyima nusu ya ujira wake, eti kwa sababu ukoka alioutandaza uani kwangu hapa Dar es Salaam uligeuka manjano kabla haujashika. Kosa lilikuwa langu.

Nyumba ilikuwa mpya na harusi ya binti yangu imekaribia. Fundi huyo, kijana, alinionya kwamba ua wote ni kifusi, umeshindiliwa na malori ya kokoto na kujaa mabaki ya saruji. Aliomba tulime kwanza sentimita 15, tuokote mawe, tuchanganye udongo mzuri na samadi iliyooza. Nilikataa. Nikamwamuru atandaze tu, mradi ua uwe kijani siku ya shughuli. Akatii, kwa kuwa alihitaji kazi.

Manjano yalipoanza sikumwuliza. Nilidhani nyasi zina njaa, nikazimwagia yurea. Kila jioni nilishika mpira nikarashia maji juu juu. Kingo za vipande zikaungua zikawa kahawia. Hapo ndipo nilipomfukuza.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba mmoja mstaafu. Aliingiza vidole chini ya kipande, kikanyanyuka chote kama mkeka. Mizizi ilikuwa imeishia palepale ilipokatwa na koleo kule ilikotoka. Hakuna hata mmoja uliozama. Udongo ulioshikana nayo ulikuwa mkavu, na chini yake ardhi ngumu yenye weupe wa saruji.

Kipande cha nyasi kikikatwa, mizizi mingi hubaki shambani. Wiki za mwanzo kipande huishi kwa unyevu wa udongo mwembamba kiliokuja nao, hivyo ardhi ya chini lazima iwe laini na yenye maji ndipo mizizi mipya ishuke. Maji yangu hayakufika huko, na yurea iliunguza kidogo kilichokuwa hai.

Tulifunua vipande vyote. Mashina ambayo ukiyakwangua yana ubichi ndani tuliyahifadhi. Tukalima, tukatia samadi, tukarudishia na kukanyaga ili mizizi ikutane na udongo. Tulimwagilia kila siku hadi chini; vipande vilipoanza kung'ang'ania ukivivuta, tukapunguza siku za kumwagilia lakini si wingi wa maji, ili mizizi iyafuate chini.

Nilimtafuta kijana, nikamlipa baki lake na kumwomba radhi. Aliniambia, "Yameisha, mzee." Kwangu hayajaisha. Majirani walisikia nikimtukana. Hawakusikia nikiomba radhi. Fundi hupata kazi kwa kusifiwa nyumba hadi nyumba, nami nilimharibia jina katika mtaa mzima. Basi na wasome hapa: kijana yule aliijua kazi yake, na mimi ndiye niliyemzuia kuifanya.