Asiyejua Kuuliza

Mke wangu ni Myahudi aliyekulia London bila kufunzwa Kiebrania. Kwao Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa karamu tu. Mwanetu alipotimiza miaka saba alimwuliza, "Mama, mimi ni Myahudi kweli?" Mama akanyamaza.

Mwaka ule tulinunua Hagada, neno lenye maana ya masimulizi, tukajifunza mezani. Mkate usiotiwa chachu ni haraka ya kutoka Misri. Mboga chungu ni uchungu wa utumwa. Mdogo wa wote ndiye huuliza maswali manne.

Hagada inataja watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Huyo wa mwisho hakemewi. Mzazi huagizwa amwanzishie mazungumzo.

"Ndiye mimi," mke wangu akasema, akifuta machozi.

Mwanetu akamsogezea kitabu, kidole kikitambaa kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamkumbuka bibi yangu, aliyezisoma tenzi zetu kwa herufi za Kiarabu, kidole chake kikifuata njia iyo hiyo. Nami sikuwahi kumwomba anifundishe.

Mke wangu akainama. "Na herufi hii," akauliza, "yaitwaje?"